Maisha ya Grace Hopper, Mama Aliyefundisha Mashine Kusoma Maneno

Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu waliotangulia waliandika juu ya Semei Kakungulu, nao walifanya vema, kwa kuwa nyayo zake zimo katika nchi hii ya Bukedi. Mimi naomba radhi ya wasomaji. Mtu wangu ni wa mbali, Mmarekani, tena mwanamke, tena askari wa jeshi la majini, na huku kwetu Tororo hakuna bahari. Lakini nina deni kwake, na deni lenyewe lilianza katika maktaba ya shule hii.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wa maktaba alinipa kazi ya kuandika programu ya kompyuta ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa. Nikafurahi mno. Nikafanya kazi hiyo wiki sita, na kila kitu nilichokitaja ndani yake nikakipa jina la herufi moja: a, b, k, x. Wanafunzi wa chini walipokuja kuchungulia hawakuelewa hata mstari mmoja, nami, niseme kweli, jambo hilo lilinipendeza. Nilijiona mganga mwenye dawa asiyotaka wengine waijue. Kisha nikashikwa na malaria, nikapelekwa nyumbani Busia, nikakaa huko siku 16. Mwezi ulipogeuka programu ikasimama, kwa sababu ya kosa dogo katika kuhesabu tarehe. Hakuna aliyeweza kuitengeneza. Wakarudia daftari, daftari likapotea, na vitabu 14 havijaonekana hata leo. Niliporudi nililaumiwa, na lawama ilinistahili. Mwalimu hakunipiga wala hakunifokea. Alinipa kitabu cha maisha ya Grace Hopper, akaniambia nikisome chote kabla sijagusa kompyuta tena.

Huyu mama alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inavyofanya kazi, akaifungua. Vipande vikatawanyika, akashindwa kuvirudisha, basi akafungua saa ya pili aone ilivyopangwa, na ya tatu, hata zikawa saba. Mama yake alipogundua hakumkataza. Alimwachia saa moja tu awe anaifungua atakavyo. Nadhani mama zetu wengi wasingekuwa na subira hiyo, lakini pia hatuna nyumba zenye saa saba.

Akasoma hesabu katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928, akaenda Yale akapata shahada ya udaktari mwaka 1934. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Vassar kuwa mwalimu. Angeweza kubaki hivyo mpaka uzee wake, na leo asingejulikana. Lakini vita ya pili ya dunia ikaingia Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, naye akataka kujiunga na jeshi la majini, kwa kuwa babu wa mzazi wake alikuwa admirali. Wakamkataa. Walisema umri wake umepita, na mwili wake ni mwepesi kupita kiasi: alipungukiwa karibu kilo 7. Tena mwalimu wa hesabu alihesabiwa kuwa mtu wa lazima asiyetakiwa kuacha kazi yake. Akang'ang'ana, akaomba ruhusa ya pekee juu ya uzito, akakubaliwa Desemba 1943, naye ana miaka 37. Akafundishwa pamoja na wasichana ambao wengi wao wangeweza kuwa wanafunzi wake, akatoka wa kwanza.

Julai 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mkubwa aitwaye Howard Aiken, mtu mkali asiyependa maneno mengi. Hapo palikuwa na mashine ya kuhesabu iliyoitwa Mark I. Msomaji asifikiri kompyuta ya mezani. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 15, uzito wa tani 5 hivi, na waya ambazo zikinyooshwa zingetoka Busia, zikapita Nairobi, zikakaribia pwani. Kazi yake yote ilikuwa kujumlisha mara tatu kwa sekunde, na kuzidisha kwa sekunde kadhaa. Ilipewa amri kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu moja likikosewa, hesabu nzima imeharibika.

Siku ya kwanza Aiken alimpa hesabu ya kufanya kwa mashine hiyo, yenye majibu ya tarakimu 23, akampa wiki moja, bila kumwonyesha njia. Vijana wawili wanamaji waliokuwapo ndio waliomsaidia. Baadaye akamwamuru aandike kitabu cha kueleza mashine nzima. Akajibu kwamba hajapata kuandika kitabu maishani mwake. Aiken akamkumbusha kuwa sasa yumo jeshini. Basi akaandika. Kitabu kikatoka mwaka 1946, kurasa zaidi ya 500.

Hapa ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje nikaketi chini ya mwembe. Mimi nilijivuna kwa kuwa mashine yangu haisomeki. Yeye, aliyekuwa na akili kupita sisi sote, kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuieleza mashine kwa watu watakaokuja baada yake, na hakuipenda hata kidogo alipoianza.

Watu wengi humjua kwa habari ya nondo. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine ya pili, Mark II, ilikosea, na walipoifungua wakakuta nondo amebanwa katika swichi moja. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mpaka leo. Husemwa kwamba ndiyo sababu kosa la programu huitwa mdudu kwa Kiingereza. Si kweli. Neno hilo lilitumiwa na mafundi tangu zamani za Edison, na ndiyo maana wale waliompata nondo waliona jambo la kuchekesha. Wala si Hopper aliyemtoa. Yeye alikuwa hodari wa kuisimulia tu, na mwenye kusimulia vizuri mara nyingi hupewa hadithi iwe yake.

Sasa nieleze jambo ambalo nilijiuliza kama lifaa kuandikwa katika gazeti la shule yetu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika mwaka 1945. Mwaka 1949 mkataba wake wa Harvard ukaisha, na chuo hakikuwa na cheo cha kudumu kwa mwanamke kama yeye. Miaka ya vita walikuwa wakifanya kazi usiku na mchana, naye akawa ametumbukia katika ulevi. Mwishoni mwa mwaka huo alikamatwa na polisi kwa kulewa, huko Philadelphia. Alikuwa na miaka 42. Rafiki mmoja aliyefanya kazi pamoja naye, Edmund Berkeley, akamwandikia barua ya kumkanya, bila kumficha kitu. Mwalimu alipoona nimelitia jambo hili hakulifuta. Mimi mwenyewe naona kwamba habari za wakubwa tukizisafisha mno, aliyeanguka hatajiona ndani yake, atafikiri kwamba wao walikuwa watu wa namna nyingine. Grace Hopper aliinuka polepole, akiwa kazini, na kazi kubwa zote zilizompa jina alizifanya baada ya siku zile.

Huko Philadelphia aliajiriwa na kampuni ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakitengeneza mashine ya kuuzwa iitwayo UNIVAC. Kuandika programu siku zile kulikuwa kuandika tarakimu tupu. Katika mashine moja ilibidi watu wahesabu kwa nane badala ya kumi. Akazoea hivyo hata hesabu zake za benki zikakataa kulingana miezi mitatu. Kaka yake alikuwa mtu wa benki, akakaa jioni kadhaa akizikagua, akaja kuona kwamba dada yake hutoa kwa kumi mara nyingine na kwa nane mara nyingine. Grace akacheka, lakini akalitafakari. Ikiwa mtu inambidi aache fikira za kibinadamu ili mashine imwelewe, basi ni watu wachache sana watakaoitumia mashine.

Tena aliona jambo lingine. Yeye na wenzake walikuwa na madaftari ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Anayehitaji kipande huomba daftari la mwenziwe, akanakili kwa mkono. Na watu, hata maprofesa, hawajui kunakili. Herufi B ikageuka 13, herufi ya Kigiriki ikageuka 4. Akajiuliza: je, mashine haiwezi kunakili yenyewe? Mtu aandike tu jina la kipande anachokitaka, mashine ikitafute, ikipange mahali pake, na kuunganisha vyote kuwa programu moja. Aliifanya kazi hiyo mwaka 1951 na 1952, akaiita kompaila, maana yake kikusanyaji.

Palikuwa na fundo moja gumu. Pengine programu hutakiwa kuruka mbele, mpaka sehemu ambayo bado haijaandikwa, na mashine haijui sehemu hiyo itakaa wapi. Akakumbuka mpira wa kikapu aliocheza chuoni. Kwa sheria za wasichana za wakati ule mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira, basi humrushia mwenziwe, akakimbilia mahali pengine, akarushiwa tena. Naye akatenga pembe moja katika kumbukumbu ya mashine, programu iruke kwanza mpaka pale, na pale ikae amri ya kuirusha tena mahali pake ikiisha kujulikana. Hivi ndivyo fundo lilivyofunguka, kwa mchezo wa wasichana.

Alipomaliza, hakuna aliyemwamini. Wakubwa wa hesabu walimwambia kwamba mashine hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Kompaila ilikuwapo, inafanya kazi, lakini watu hawakuigusa. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote. Sisi hufikiri kwamba ukitengeneza kitu kizuri watu watakuja mbio. Yeye alijifunza kwamba kutengeneza ni nusu ya safari, na nusu ya pili, ambayo ni ndefu zaidi, ni kuzunguka kwa watu kuwaelewesha, mwaka hata mwaka.

Mwaka 1955 akapeleka kwa wakubwa wake shauri kubwa zaidi. Alisema makarani na wafanyabiashara hawapendi alama za hesabu. Waandike kwa maneno ya kawaida, maneno ya mshahara, bei na hesabu ya mali ghalani, na mashine igeuze. Kwa kuwa wakubwa hawakumwelewa, akatengeneza mfano mdogo. Akawaonyesha programu kwa maneno ya Kiingereza, ikafanya kazi. Kisha ile ile akaiandika kwa maneno ya Kifaransa, ikafanya kazi. Kisha kwa Kijerumani. Alifikiri watafurahi kuona kwamba kwa mashine maneno yote ni sawa, ni alama tu. Wao wakashtuka! Mashine ya Kimarekani, iliyotengenezwa Philadelphia, itajuaje Kifaransa na Kijerumani? Jambo hilo lilionekana kuwa la hatari, na ikambidi awaahidi kwamba itatumia Kiingereza peke yake, ndipo kazi ikaruhusiwa iendelee.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Busia. Mji wetu una mpaka katikati. Asubuhi ukisimama karibu na geti utasikia Kisamia, Kiteso, Kijaluo, Kiganda na Kiluhya, na dereva wa lori Msomali akiuliza bei ya ndizi kwa Kiswahili. Hata jina la boda boda, linalosemwa sasa katika miji mingi ya Afrika, lilianzia mpakani hapa, kwa vijana wa baisikeli waliovusha watu kutoka boda hadi boda. Mjomba wangu ni wakala wa kutoa mizigo forodhani. Upande wa Uganda kwa miaka mingi umetumia programu ya ASYCUDA, iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa lililoko Geneva, na upande wa Kenya una programu yake mbali. Mwaka 2018 kituo cha Busia kikafunguliwa rasmi ili maofisa wa nchi zote mbili wakae chini ya paa moja. Nalimwuliza mjomba, je, kukaa chini ya paa moja ndiyo shida? Akaniambia paa ni rahisi, lakini shida ni karatasi ya huku isomeke kule. Mjomba hajapata kusikia jina la Grace Hopper, lakini alikuwa akinieleza kazi yake.

Kwa maana mwishoni mwa miaka ya 1950 kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na lugha yake. Aliyenunua mashine ya kampuni moja, akitaka kuhamia nyingine, huandika programu zote upya. Mei 1959 watu kama 40 walikutana Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, wakakubaliana iundwe lugha moja ya biashara kwa mashine zote. Ndiyo COBOL. Wako waandishi wanaomwita Hopper mama wa COBOL. Hiyo ni sifa iliyozidi kidogo. Kamati iliyoiandika ilikuwa na watu wengine, miongoni mwao akina mama hodari kama Jean Sammet, na aliyeanza kuuomba mkutano ni Mary Hawes. Hopper alikuwa mshauri, na lugha ya maneno aliyokuwa ameijenga, iitwayo FLOW-MATIC, ndiyo msingi waliojengea. Desemba 1960 programu moja ya COBOL ikaendeshwa katika mashine za kampuni mbili zinazoshindana, na kwa mabadiliko machache tu ikafanya kazi kotekote. Hata leo yako mabenki ambayo hesabu zake hupita katika COBOL.

Mwishoni mwa mwaka 1966 jeshi likamstaafisha kwa ajili ya umri. Alisema siku hiyo ilimhuzunisha kuliko siku zote. Haikupita miezi minane, Agosti 1967 wakamwita tena: kila ofisi ya majini ilikuwa imeanza kuisema COBOL kwa lafudhi yake, na programu hazielewani. Walimwita kwa miezi sita. Alikaa miaka 19. Akatunga programu za kuzipima kompaila, na kampuni ambayo kompaila yake ilishindwa mtihani ilibidi irudi kuirekebisha. Akapandishwa cheo kuwa Kapteni mwaka 1973, Komodoro mwaka 1983, na Admirali wa daraja la nyuma mwaka 1985.

Katika ofisi yake alitundika saa inayokwenda kinyume, mishale ikirudi kushoto, lakini inaonyesha wakati sawasawa. Aliichukia mno ile tabia ya kukataa jambo kwa sababu halijapata kufanywa hivyo. Na alipokwenda kufundisha alibeba vipande vya waya, kila kimoja karibu sentimeta 30, akawagawia watu. Huo ndio urefu ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Maadmirali walipouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwaonyesha waya, akawaambia wahesabu vipande vilivyopo kati yao na setilaiti. Hapa shuleni tumekata vyetu kwa waya wa umeme uliobaki bwenini. Mwalimu wa fizikia ana kimoja mfukoni.

Juu ya uongozi alikuwa na fikira moja aliyoirudia mahali pengi, kwamba mali na vyombo husimamiwa, lakini watu huongozwa, na mkubwa asiyetofautisha hayo mawili ataharibu vyote. Kwa hiyo kijana akija na wazo, alimpa nafasi ajaribu, na likiharibika alisimama naye mbele ya wakubwa. Alipoulizwa kazi ipi katika maisha yake aliiona kuwa bora, hakutaja kompaila wala COBOL. Alitaja vijana aliowafundisha.

Tarehe 14 Agosti 1986 akastaafu kwa mara ya mwisho, juu ya merikebu ya kale USS Constitution, huko Boston. Alikuwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo. Akaajiriwa tena na kampuni ya kompyuta, akaendelea kuzunguka akifundisha, mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1992. Akazikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Mwaka 1996 manowari ikapewa jina lake.

Nimeandika upya programu ya maktaba. Safari hii majina yote ni ya Kiswahili: kitabu, mwazimaji, siku_ya_kurudisha. Nimeandika pia kurasa 11 za maelezo, kazi iliyonichosha kuliko programu yenyewe. Muhula uliopita nilikuwa na mitihani, nikawaachia vijana wawili wa kidato cha pili. Nilipopita juzi nikakuta wamebadili mistari mitatu bila kuniuliza, na mmoja katika hiyo ulikuwa na kosa langu ambalo sikuwa nimeliona.